Elsa, Olkaria, Longonot au ziwani: siku yako ya Naivasha uianzie wapi?

Ijumaa usiku mpwa wangu alinipigia simu. "Shangazi, kesho tunakwenda Naivasha. Tushukie wapi?" Walikuwa sita. Wawili walitaka baiskeli, watatu walitaka mlima, na mmoja alikuwa ameapa kwamba harudi Nairobi bila kushika kasia. Jioni nzima walikuwa wakivutana kwenye kundi lao la WhatsApp, kila mmoja akituma picha za kuwashawishi wenzake. Nilimwuliza swali moja: "Mtarudi saa ngapi, na kwa gari gani?" Akanyamaza, kisha nikamsikia akiwauliza wenzake pembeni.

Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyodhani. Ukitazama ramani, Naivasha ni mahali pamoja: ziwa limekaa katikati, Mlima Longonot uko kusini-mashariki yake, mbuga ya Hell's Gate iko kusini. Ukishuka kwenye gari unakuta ni milango minne, na kila mlango una siku yake. Aliyeshukia Longonot hawezi kugeuka saa sita mchana akasema sasa anataka baiskeli. Ameshalipa ada ya mbuga moja, na kutoka hapo hadi mbuga ya pili kuna bodaboda, kuna matatu ya kubadilisha, na kuna jua. Uamuzi wote uko pale unaposhukia. Mimi nimeanzia kwenye milango yote minne, mingine mara nyingi, na ninaipenda yote kwa sababu tofauti. Ndiyo maana sitamwambia mtu kwamba mmoja ndio bora.

Milango yenyewe ni hii. Lango la Elsa ndilo mlango mkuu wa Hell's Gate, mbuga ya kilomita 68 za mraba iliyotangazwa mwaka 1984, na mojawapo ya mbuga chache za Kenya ambako unaruhusiwa kutembea na kuendesha baiskeli katikati ya wanyama. Lango la Olkaria ni la mbuga hiyohiyo, ila liko upande wa mitambo ya umeme wa mvuke utokao ardhini. Lango la Longonot ni la kupanda mlima kwa miguu, basi. Mlango wa nne ni ufuo wa ziwa: Karagita, Kamere, au mojawapo ya kambi zilizopangana kando ya barabara ya Moi South Lake.

Nitaipima kwa mambo sita: kufika, chombo utakachohitaji, mwili unaotakiwa, maji na kivuli, hatari, na kurudi. La mwisho ndilo watu hulisahau, na ndilo linaloharibu siku nyingi.

Kufika

Kutoka Nairobi kuna barabara mbili. Ya juu hupita Limuru na Kinungi hadi Naivasha mjini, safari ya kilomita 90 hivi. Ya chini huteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu, kisha ikaendelea kuelekea Naivasha. Longonot iko kwenye hii ya chini. Nimekutana na watu waliopanda matatu ya barabara ya juu, wakafika mjini, ndipo wakaambiwa kwamba mlima wameuacha nyuma. Ukienda Longonot, uliza kabla ya kupanda: "Hii inapitia Mai Mahiu?" Utashuka kwenye kituo kidogo cha biashara cha Longonot, na kutoka hapo bodaboda itakufikisha langoni. Wapo wanaotembea kipande hicho, lakini miguu hiyo utaihitaji mbele.

Kwa Elsa, barabara zote mbili zinafaa. Ukifika Naivasha unapanda matatu ya Moi South Lake na kumwambia makanga "Elsa" tu; analijua jina. Anakushusha kwenye njia panda, na kutoka hapo hadi langoni ni kama kilomita mbili. Vijana wa baiskeli watakufikia kabla hujamaliza kushuka.

Olkaria iko mbele zaidi kwenye barabara hiyohiyo. Matatu za kukufikisha hadi langoni ni za kubahatisha, na malori ya mitambo hupita huko kila siku. Huo ni mlango wa mwenye gari.

Ziwani ndiko rahisi kuliko kote. Karagita haiko mbali na mji, Kamere iko mbele, na kambi nyingi zina mlango wake barabarani. Jambo moja tu: ufuo umehama. Tangu mwaka 2019 na 2020 maji yamepanda sana, na kuna sehemu ambako migunga iliyokufa imesimama majini, vigogo vyeupe, mahali ambapo zamani watu walikuwa wakiketi kivulini. Anayekuja na gari aulize mahali pa kuliacha asubuhi hiyohiyo. Maelekezo ya rafiki aliyefika miaka sita iliyopita huenda yakakupeleka kwenye tope.

Kuhusu malipo, Hell's Gate na Longonot ziko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na langoni hawapokei pesa taslimu. Unalipa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Fanya hivyo ukiwa nyumbani, uone kiwango cha siku hiyo, na uhifadhi risiti kwenye simu. Nimeona familia nzima imesimama langoni Longonot, baba ameinua simu juu akitafuta mtandao, watoto wakimaliza chakula cha mchana saa mbili asubuhi. Ziwani ni tofauti: boti hukodishwa kwa saa, na bei ni ya boti nzima, kwa hiyo mkiwa sita mnagawana na mkiwa wawili mnaumia.

Chombo

Hapa Elsa inastahili maneno mengi, kwa sababu baiskeli ya kukodi ndiyo itakayoamua kama siku ilikuwa tamu au chungu.

Usiichague kwa rangi. Ishike, inua gurudumu la nyuma, zungusha kanyagio na utazame cheni: ikiruka pale itaruka pia mbele ya nyati. Bana breki ya mbele kwa nguvu na uisukume baiskeli. Gurudumu likiendelea kuzunguka, irudishe. Fanya hivyo hivyo na ya nyuma. Bonyeza tairi kwa kidole gumba. Kalia kiti, kisha jitikise, maana kiti kinachoshuka polepole kitakuumiza magoti bila wewe kujua sababu. Mara ya mwisho nilipokwenda, kijana aliniletea baiskeli nyekundu ya kupendeza. Nikamwambia, "Kaka, hii breki ya nyuma haishiki." Akajibu kwa upole, "Mama, huko hakuna milima, ya mbele inatosha." Nilimwomba anipe ile ya kijivu iliyokuwa imeegemea mti. Ilikuwa imechubuka kila mahali, na ikanibeba siku nzima bila tatizo. Zunguka nayo mita mia moja kabla ya kulipa, na uulize kama wana pampu na vifaa vya pancha vya kubeba. Pia uliza kama kuna helmeti, na uivae.

Baiskeli nayo hulipiwa ada yake langoni, mbali na kodi uliyompa mwenyewe. Watu hushtuka, lakini ndivyo ilivyo.

Olkaria haina msururu wa baiskeli kama ule wa Elsa. Unaingia na gari lako, au na baiskeli yako mwenyewe juu ya gari.

Longonot chombo ni viatu. Tafuta vyenye soli ya meno, vilivyozoea mguu. Fimbo inasaidia sana wakati wa kushuka.

Ziwani kuna njia mbili na ni lazima uzitofautishe. Boti ya injini yenye nahodha, ambaye kila mtu humwita kapteni, inapatikana kila ufuo. Kayaki ya kupiga kasia hupatikana kwenye baadhi ya kambi tu, kwa hiyo piga simu mapema na uulize mambo mawili: je, kuna mwongozo anayekwenda pamoja nanyi, na je, kuna jaketi la kuokolea la kipimo chako? Jibu la swali lolote kati ya hayo likiwa "hapana", panda boti ya injini. Jaketi lifungwe vifungo vyote hata kama unajua kuogelea.

Mwili

Longonot inataka mwili kuliko mingine yote. Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta, lile shimo lililo juu ya mlima huu wa volkano, ni kilomita tatu na kidogo, na kuuzunguka ukingo ni kilomita 7.2. Ukijumlisha kushuka unapata zaidi ya kilomita 13. Kilele kiko mita 2,776 juu ya usawa wa bahari, takriban mita 600 juu ya lango. Mskoti William Naismith aliweka kanuni mwaka 1892 ambayo wapanda milima bado wanaitumia: hesabu saa moja kwa kila kilomita tano za kutembea, halafu ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa Longonot inakupa muda wa karibu saa nne, bila kupumzika, bila kupiga picha, na bila kuhesabu jinsi ukingo wenyewe unavyopanda na kushuka. Mimi huwaambia watu waweke saa tano hadi sita.

Kipande kigumu kiko mahali usipopatarajia. Watu huogopa mwanzo, ambao ni mpana na una taratibu yake. Kisha wanafika ukingoni, wanatazama msitu ulio chini ndani ya kreta, wanadhani kazi imekwisha. Njia ya kwenda kileleni ndiyo inayoanza hapo. Kuna mahali imekuwa mfereji wa vumbi la volkano, laini kama unga, linafika kwenye vifundo vya miguu. Unapiga hatua mbili na kurudi moja. Wakati wa kushuka ni vumbi hilohilo linalomwangusha mtu kwa makalio. Anayekwenda hadi ukingoni tu, akaketi saa nzima kutazama, kisha akarudi, ameuona Longonot, na asikubali mtu kumwambia vinginevyo.

Elsa ni mwepesi lakini unadanganya. Kutoka langoni hadi kwenye korongo la Ol Njorowa ni kilomita saba hadi nane za barabara ya murram, yaani ya changarawe, pana, bila mlima wa kutisha. Unapita Fischer's Tower, mnara wa mwamba wa mita 25 uliobeba jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyepita huku mwaka 1883, na chini yake pimbi huota jua bila kuwajali watu. Pundamilia wako kando ya njia, ngiri wanakatiza mkia juu, twiga wanakutazama hadi upite. Kwenda ni raha. Lakini ukifika korongoni unashuka kwenye baiskeli, unatembea na kupanda mawe kwa saa moja au mbili, kisha unatakiwa kurudi kilomita zilezile jua likiwa utosini, na murram ile yenye mawimbi sasa inagonga mikono na mgongo. Pima nguvu zako kwa safari ya kurudi.

Olkaria kwa baiskeli ni kwa wenye mapafu. Upande huo una vilima vya kweli, lami, na mabomba makubwa ya mvuke yanayopinda juu ya barabara kama malango. Mtambo wa kwanza wa hapa ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981. Wengine hawapendi kuona mabomba ndani ya mbuga. Mimi hupapenda kwa sababu hiyo, unasikia ardhi inavuma na kunusa kiberiti hewani. Kwa gari hapahitaji mwili wowote.

Ziwani kwa boti, mwenye magoti mabovu na bibi wa miaka themanini wote wanaweza, mradi asaidiwe kupanda. Kayaki inataka mabega na mgongo, na zaidi ya hapo inataka utulivu wa moyo.

Maji na kivuli

Longonot hakuna maji njiani na kivuli ni cha kuokota. Beba lita mbili kwa kila mtu mzima, tatu kama mnazunguka kreta yote. Hell's Gate barabara ya kwenda korongoni iko wazi kabisa. Ziwani maji yamekuzunguka, lakini jua linakupiga mara mbili, kutoka juu na kutoka chini.

Tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya mbuga za Kenya. Chupa ulizonunua steji zitabaki langoni. Njoo na chupa yako ya kudumu iliyojaa tayari. Vyoo viko langoni kote. Vitumie kabla ya kuondoka.

Hatari

Naomba sehemu hii isomwe polepole.

Korongo la Ol Njorowa ni zuri kiasi kwamba watu hulisahau limechongwa na nini. Kuta zimekaribiana, mahali pengine unagusa zote mbili kwa mikono, na maji ya moto yanachuruzika kutoka kwenye mwamba. Aprili 2012 vijana saba waliokuja na kundi la kanisa walisombwa humo na mafuriko wakafa. Septemba 2019 maji yaliwachukua watu wengine saba, akiwemo mwongozo wao. Septemba si mwezi wa masika. Mvua inaweza kunyesha mbali, kwenye miinuko usiyoiona, huku juu yako mbingu ni buluu. Maji yakikusanyika kwenye korongo jembamba yanakuja kama ukuta. Baada ya mkasa wa 2019 korongo lilifungwa kwa muda. Ukifika, fuata neno la askari wa mbuga hata kama umetoka mbali. Usiingie bila mwongozo, na kabla ya hatua ya kwanza mwombe akuonyeshe njia za kutokea juu. Akisema leo hatushuki, mshukuru.

Nyati wako Hell's Gate, na wako Longonot pia. Kundi la nyati si tatizo kubwa kama dume lililojitenga. Ukiwa kwenye baiskeli, simama mbali, subiri lipite, na usipige kelele wala kengele. Gari likitokea, pita ukiwa ubavuni mwake, upande usio na nyati.

Ukingo wa Longonot una sehemu nyembamba zenye mteremko mkali pande zote mbili. Upepo ukiwa mkali, shikaneni mikono au rudini.

Halafu ziwa. Hakuna mamba Naivasha, na hilo huwafanya watu wajisahau kuhusu kiboko. Kiboko mzima ana uzito wa zaidi ya tani moja na anaweza kukaa chini ya maji hadi dakika tano hivi. Maana yake ni kwamba maji matupu unayoyaona mbele ya kayaki yako huenda si matupu. Niliwahi kupanda boti ya mzee mmoja wa Kamere, mapema, ziwa limetulia kabisa. Ghafla akazima injini. Hatukuona chochote. Akanyoosha kidole: mstari wa mapovu madogo, kama sufuria inayoanza kuchemka, ukisogea polepole kuelekea kwenye mafunjo. "Huyo anatembea," alisema. "Tumpishe, yeye ndiye mwenyeji." Tulikaa kimya hadi masikio mawili yalipojitokeza, mbali sana na pale tulipokuwa tukitazama. Yule mzee aliyaona mapovu kwa sababu ameyatazama miaka mingi. Mtu wa kasia aliyekuja kwa siku moja hawezi kuyaona, na ndiyo sababu nasisitiza mwongozo. Kasia lako likae mbali na mafunjo na magugumaji, na usijiweke kamwe kati ya kiboko aliye nchi kavu na maji yake.

Upepo ni hatari ya pili ziwani. Asubuhi maji huwa kioo, alasiri mara nyingi huchafuka, na kurudi dhidi ya mawimbi kwa kayaki ni kazi ya mtu mzima. Kasia ni la kabla ya saa nne asubuhi.

Kurudi

Baiskeli ya Elsa lazima irudi kwa mwenyewe. Ndoto ya kuingia Elsa na kutokea Olkaria ni nzuri kwenye ramani, lakini mkifika huko mko mbali na mwenye baiskeli, jioni, bila matatu. Wenye gari wanaweza: dereva anaingia Elsa nanyi, anawasubiri, mnatoka Olkaria. Wengine wote, geukeni saa nane mchana mkiwa popote. Mbuga hufungwa saa kumi na mbili jioni, na bado mna kilomita mbili za kufika barabarani na matatu ya kurudi mjini.

Longonot ni ngumu zaidi Jumapili jioni. Magari yanayopita kutoka Naivasha kuelekea Nairobi hupita yamejaa, na ile barabara ya mteremko wa Mai Mahiu hujaa foleni na wakati mwingine ukungu. Uwe barabarani kabla ya saa kumi. Ukifika ukingoni baada ya saa saba mchana, usianze mzunguko. Kama mnaweza, kubalianeni asubuhi na yule yule wa bodaboda aliyewaleta awafuate saa fulani, na mchukue namba yake.

Ziwani kurudi kuko mikononi mwa kapteni. Semeni saa kabla ya kuondoka ufuoni, na mlipe mkirudi.

Nani aende wapi

Kama mna siku moja, mnatumia matatu na hamjawahi kufika, Elsa inawapa vitu vingi kwa mpigo mmoja: wanyama, miamba, baiskeli, na korongo likiwa limefunguliwa. Inafaa pia kundi lenye nguvu zisizolingana, kwa sababu aliyechoka anaweza kuishia Fischer's Tower, akakaa na pimbi, akawasubiri wenzake.

Unayejiandaa kwa Mlima Kenya, au una kitu moyoni unachotaka kukitembelea hadi kiishe, nenda Longonot, na uwe langoni linapofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Usiende peke yako. Watoto wa chini ya miaka kumi wengi hufika ukingoni vizuri. Kuzunguka kreta waachie wakubwa.

Kama mna gari, mna mzazi mzee au mtu wa kiti cha magurudumu, angalieni Olkaria na ziwa pamoja. Mtapita mbuga mkiwa ndani ya gari, mtasimama mnapotaka, na kama mnapenda maji ya moto, bwawa la Olkaria liko upande huo. Boti asubuhi, gari mchana. Kwa kiti cha magurudumu pigeni simu kambini mjue gati likoje siku hiyo, maana maji yakipanda hata gati hubadilika.

Anayetaka kasia na hataki kingine, alale Naivasha. Kutoka Nairobi alfajiri na kuwa majini kabla ya upepo ni mbio zisizo na raha. Lala kambini kando ya ziwa, upande wa ndani wa uzio maana viboko hutoka kula majani usiku, amka na jua, na uwe umemaliza saa nne. Siku iliyobaki Elsa iko karibu.

Kundi kama la mpwa wangu, la watu sita wenye nia tatu, linaweza kugawanyika bila ugomvi: wa mlima washuke Longonot, wengine waendelee hadi Elsa, na wote wakutane ufuoni Karagita saa tisa na nusu kula samaki, wakiwa wamekubaliana kwa simu kabla mtandao haujawasumbua. Boti ya muda wa saa moja mkigawana sita haimwumizi mtu, ikiwa upepo haujaanza.

Na kama usiku uliotangulia mvua ilinyesha, popote pale kuzunguka Naivasha, ondoeni korongo kwenye mipango kabla ya kutoka nyumbani. Longonot pia itateleza. Endesheni baiskeli hadi kwenye miamba na mrudi, au mngoje ziwa litulie na mpande boti.